Karatasi za Oili za Marehemu Hezroni Mrutu

Gideoni Kajiru, shemeji wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu hapa msibani, alimwona Hezroni kwa mara ya kwanza Jumanne tarehe 9 Machi 1948, mjini Same, na alichoanza kuona ni miguu. Marehemu alikuwa amelala chini ya lori la Bwana Sefu Mbaraka, lori ambalo Gideoni aliliendesha, anafungua nati ya oili bila kumuuliza mtu.

"We bwana, nani kakupa ruhusa?"

"Mwenye gari. Ndiwe mwenye gari?"

"Mimi dereva."

"Basi kaa pembeni, dereva."

Akatoka na oili vidoleni, akaisugua, akainusa, akawatangazia watu wote waliokuwa uani kwamba injini ile inaendeshwa na mtu anayepanda mlima kama anafukuzwa na nyuki. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo hawakupendana, na wasifu huu hautasema kwamba walipendana.

Marehemu alizaliwa Mbaga tarehe 14 Agosti 1911, enzi za Mjerumani, mtoto wa pili wa Mzee Mrutu na Mama Nakijwa. Alisoma shule ya misheni hukohuko Mbaga, 1920 hadi 1924, akamaliza darasa la nne. Mama yake husimulia kwamba siku moja alitumwa kupeleka taa ya mwalimu, naye akaifungua yote njiani ili aone inavyokunywa mafuta. Aliifikisha ikiwaka vizuri kuliko mwanzo. Alichapwa hata hivyo.

Mwaka 1940 aliingia jeshini, akawa makanika wa malori hadi 1946. Huko ndiko alikojifunza kupima oili. Alipoajiriwa na Bwana Sefu, kila Jumamosi dereva alitakiwa kuchota oili ingali moto na kumletea kwenye chupa. Marehemu alidondosha tone moja kwenye karatasi ya kukaushia wino, akaliacha litambae, kisha akaliinua juani. Tone likitambaa sawasawa, injini ni nzima. Likiacha weusi mzito katikati, oili imechoka. Likimetameta, hicho ni chuma cha beringi kinachosagika. Aliandika namba ya gari na tarehe, akazianika karatasi kwenye waya kama nguo, ndiyo maana madereva walimwita Dobi. Lakini kwa miaka saba hakuna lori la Bwana Sefu lililokufa njiani.

Tarehe 18 Novemba 1950 alimwoa Yudith, dada yake Gideoni. Gideoni hakutaka.

"Same nzima hukuona mwanamume mwingine?" alimuuliza dada yake.

"Wapo tele, kaka. Ila huyu akiwa na neno, analisema."

Tarehe 10 na 17 Septemba 1955, karatasi za lori la Gideoni zilimetameta. Marehemu akamwambia Bwana Sefu lori lisipande tena mlimani Vudee mpaka beringi zibadilishwe. Ulikuwa msimu wa kahawa. Beringi zingechukua mwezi mzima kufika kutoka Mombasa, na Gideoni angekaa bila kazi huku kila mtu akisema ameua gari. Jumamosi iliyofuata alichota oili kwenye lori la dereva mwenzake, Danieli, bila mwenyewe kujua, akaipeleka kama ya lori lake.

"Mbona huyu mgonjwa kapona bila dawa?" marehemu aliuliza.

"Karatasi ni yako, fundi," Bwana Sefu akamjibu. "Au leo nayo huiamini?"

Marehemu aliitazama karatasi, akamtazama Gideoni, kisha akatia sahihi lori liende.

Jumatano tarehe 28, konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ilikatika ikatoboa injini kwenye kona za Vudee. Lori likarudi nyuma na magunia na watu kumi na mmoja, likazuiwa na mawe ya ukingoni. Mama Koleta, mmoja wa abiria hao, alivunjika mguu, na leo amefika hapa kwa fimbo.

"Miaka saba unanionyesha matone!" Bwana Sefu alimfokea marehemu mbele ya karakana nzima. "Anua nguo zako kwenye waya, Dobi, uende zako!"

Marehemu alisema oili ile haikuwa ya lori lile. Hakuna aliyemwamini. Kikao cha ukoo kilipokaa Mbaga, Yudith alimgeukia ndugu yake mbele ya wazee. "Kaka, sema neno moja tu." Gideoni aliinamisha kichwa. Wazee wakasema Gideoni tangu utoto ni mtu wa aibu, asisumbuliwe, na fundi akaitwa msingiziaji. Tangu hapo hakuna gari lililoletwa kwake, si Same wala Gonja. Alilima maharage. Gideoni alipewa lori jipya.

Oili ile ilitoka kwenye lori la Danieli. Bwana Sefu yupo hapa, amesikia.

Februari mwaka huu wa 1958 marehemu alianza kuumwa kifua. Alilazwa hospitali ya misheni Gonja tarehe 2 Juni, akafariki Jumapili tarehe 22, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Ameacha mama yake, Nakijwa. Dada yake, Justa. Mjane wake, Yudith. Na watoto wawili, Priska na Eliamini. Mungu ampe utulivu ambao sisi tulimnyima.

Ijumaa, siku mbili kabla marehemu hajafariki, Gideoni alikwenda Gonja akamweleza yote. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Umeniambia mimi, na mimi nilikuwa najua. Msamaha sikupi, usisimame hapo kuusubiri. Nikifa watakupa wewe wasifu wangu uusome, maana ndiwe shemeji. Soma oili ilitoka gari gani. Na usome kwa sauti, hata waliokaa nyuma wasikie."