Mistari Miwili Kuwa Mmoja

BIBI: Haloo? Ni nani mwenzangu?

MJUKUU: Ni mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mke mwenzangu! Mbona kunavuma?

MJUKUU: Friji za maabara. Niko kazini.

BIBI: Kazini? Si leo ulikwenda kupimwa mimba?

MJUKUU: Nimetoka huko. Mayai ya vyura ninayoyachunguza hayasubiri.

BIBI: Haya. Na mtoto?

MJUKUU: Mgongo haujafunga.

BIBI: Hauja— nini? Unakatika.

MJUKUU: Mgongo, Bibi. Uko wazi, huku chini.

BIBI: Yallah. Ni kile kikapu nilichokubebesha—

MJUKUU: Si kikapu. Ilitokea hata sijajua nina mimba. Mwanzoni mtoto ni seli tu, zimelundikana. Kila moja lazima ijue mbele ni wapi, ubavuni ni wapi. Zikijua, zinapenyezana, mwili unarefuka, mgongo unajikunja, unafunga.

BIBI: Kama paredi shuleni. Mistari miwili ikiambiwa iwe mmoja, tulikuwa tunafika mpaka getini.

MJUKUU: Hivyo hivyo.

BIBI: Na nani anazionyesha mbele?

MJUKUU: Jirani. Kila moja inamsikiliza jirani yake. Zisiposikilizana zinasukumana papo hapo. Zi hai, zina nguvu, ila mstari unabaki mfupi. Miaka sita natazama hicho hicho kwenye hadubini.

BIBI: Na hao vyura wakitoka hivyo, mnawafanyaje?

MJUKUU: Tunaandika idadi. Halafu tunamwaga.

[Mtandao unakwaruza.]

MJUKUU: Bibi?

BIBI: Nipo.

MJUKUU: Daktari anataka jibu keshokutwa. Niendelee na mimba, au—

BIBI: Nimeelewa. Mwenzio anasemaje?

MJUKUU: Eti niamue mimi.

BIBI: Mwanaume huyo! Umelia?

MJUKUU: Bado. Nimehesabu mayai mia mbili na kumi.

BIBI: Umekula?

MJUKUU: Sijui. Bibi, ungekuwa wewe ungefanyaje?

BIBI: Hicho kitendawili kimenishinda. Nikupe mji?

MJUKUU: Sitaki mji.

BIBI: Unataka nini, mama?

MJUKUU: Njoo.

BIBI: Nakuja. Basi la saa sita naliwahi.

MJUKUU: Na miguu yako hiyo—

BIBI: Miguu ni yangu. Nikifika tutalifikiria wawili. Umekaa?

MJUKUU: Nimesimama.

BIBI: Kaa chini.

MJUKUU: Nimekaa. Salio linaisha.

BIBI: Liishe. Kaa hapo hapo.

MJUKUU: Bibi, usichele—

[Salio limekwisha.]