Mikono ya Mama Keki Haikuharibika

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Gatitu, jamaa kutoka Kangema, na nyinyi wengine mliokuja kwa sababu ya chakula, asiyeamini kwamba marehemu mama yangu, Sophie Watiri Waweru, tangu alipozaliwa mpaka alipofunga macho hakuharibu keki hata moja kwa mkono wake, asimame sasa hivi na aniite mwongo mbele ya jeneza hili, nitamngoja. Najua hakuna atakayesimama, mtakohoa tu, hasa wewe Mzee Muchiri, na kikohozi chako nitakifikia.

Mimi naitwa Kingori, kitinda mimba wake, miaka ishirini na sita, niliacha shule nikiwa kidato cha pili na sijawahi kujuta hata Jumatatu moja, na dada yangu Beth, ambaye ni mwalimu kule Kianyaga, ameandika historia yake nzuri ya ukurasa mmoja, yenye nukta na mikato yote mahali pake, nimeikunja iko mfukoni mwa suti hii ya kuazima. Nimeamua kusoma yangu kwa sababu wiki hii yote, mkija kwa maombi ya jioni, nimewasikia nyuma ya hema mkinywa chai yetu, mmoja anasema, "Huyo mama aliuawa na mdomo, sukari unayo na bado unalamba keki," na mwingine anamjibu, "Na hata mikono ilikuwa imemwisha, kwani wewe hukula ile keki ya mahari, ile ya ruracio?" Basi nimekuja kulijibu hilo, mama yangu hataingia udongoni na jina la mlafi, wala la mpishi aliyeisha mikono. Bwana Wambugu wa kamati amenipa dakika tano, Bwana Wambugu, keti tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1969 kule Kangema, mtoto wa nne wa mzee Mwai na mama Wachuka, wachumaji wa majani chai, akaanza masomo mwaka wa 1976 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kituo cha kupimia majani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1982, akapita vizuri, lakini nyumbani walikuwa wengi na nafasi ya kwenda mbele akapewa kaka yake, ambaye yuko hapa na aliirudisha hiyo nafasi bila kuitumia, pole mjomba, historia ni historia.

Mwezi wa Februari 1984 aliletwa Nyeri mjini kuangalia watoto katika nyumba ya Sajini Omondi, kwenye laini, zile nyumba za polisi, na mke wa sajini, Mama Phelister, ambaye mnamwona ameketi pale mbele na kilemba cha buluu, ametoka mbali na miguu inamuuma, ndiye aliyemfundisha keki ya makaa, sufuria kubwa, mchanga wa mto chini, sufuria ndogo ndani yake, mfuniko, kisha makaa juu ya mfuniko, na unayapunguza moja moja ukisikiliza harufu. Mama alipotafuta kikombe cha kupimia unga, Phelister alimwambia, "Watiri, hicho kikombe weka chini, onja." Kwa hiyo mama hakuwahi kuwa na mizani wala kijiko cha kipimo, alikoroga, akaonja uji wa keki ukiwa mbichi, akaongeza sukari, iliki, chumvi kidogo sana, akaonja tena, akaongeza tena, mpaka ulimi unyamaze, hapo ndipo anamimina.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Waweru, dereva wa wizara ya ujenzi, na keki ya harusi aliipika bibi harusi mwenyewe, asubuhi ya harusi, na kitambaa juu ya gauni, kama kuna mke mwingine hapa aliyefanya hivyo ainue mkono. Wakahamia Gatitu, nyumba ya vyumba viwili na jiko la mabati nyuma, Mungu akawabariki na Beth tarehe 3 Oktoba 1994, akapumzika miaka mitano, kisha akawabariki na mimi, akaona imetosha. Baba alitutoka tarehe 17 Juni 2009, na tangu hapo nyumba ilisimama juu ya hilo jiko la mabati.

Kutoka jiko hilo zilitoka ngumu, zile keki za kukaanga ambazo zinakuvunja jino na bado unaomba nyingine, zilitoka kashata za njugu, biskuti za tangawizi, keki ya ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, na mandazi ambayo unga wake mwezi wa Julai, wakati baridi ya huu mlima haitaki kitu kiumuke, mama aliufunga kwa leso, beseni na kila kitu, akauweka kitandani chini ya blanketi, na sisi watoto tukaambiwa tulale upande na tusiupige teke. Nimelala na unga mimi, ndiyo maana niko na afya hivi. Walimu wa shule ya pale juu walikuwa hawawezi kuanza chai ya saa nne kabla Mama Keki hajafika, na hakuna ruracio ya maana iliyofanyika upande huu bila keki yake mezani, wakwe wangeona wamedharauliwa.

Tarehe 6 Agosti 2015 mama alipimwa akapatikana na ugonjwa wa sukari, na daktari alimwambia kitu kitamu asiguse, hata ncha ya kijiko. Sasa nyinyi wa nyuma ya hema, sikilizeni, mama yangu alimtii huyo daktari, alipika keki kila siku ya Mungu, mikono yake ikiwa ndani ya sukari mpaka kwenye kiwiko, na hakulamba kidole, nilikuwa naye jikoni, niliona, miaka minane. Kama huo ndio ulafi, nionyesheni nyinyi kujinyima kunakaa namna gani, kwa maana nawaona mkiangalia sufuria za pilau tangu nianze kusoma.

Lakini keki yake ilihitaji mtu wa kuonja, na wakati huo mimi na mwalimu wangu wa hesabu tulikuwa tumechokana, nikaacha shule, nikachukua kijiko. Mama alikasirika siku tatu, siku ya nne akanipa uji wa keki akaniuliza, "Iko aje?" nikamwambia iliki hii ni ya mwaka jana, na ilikuwa ya mwaka jana. Sijisifu, lakini mimi nilikuwa na ulimi ambao haujapata kutokea Nyeri, ningekuambia siagi imetoka duka gani, na siku moja nilimwambia mama sukari ililala karibu na mafuta ya taa, mwenye duka akaapa kwa mama yake, tukaenda stoo, mtungi ukapatikana umeegemea gunia. Kutoka siku hiyo mama aliniamini kabisa, nikisema ongeza anaongeza, nikisema imetosha anamimina, akawa anawaambia wateja, "Mimi niko na mikono tu, ulimi uko na Kingori," na mimi nikitembea Gatitu kama niliyepewa cheo na serikali.

Kutoka mwaka wa 2021 keki zilianza kuwa na maneno. Januari 2022 alipika ile ya ruracio ya binti ya Mzee Muchiri, ghorofa tatu, maua ya sukari, na watu walikata, wakauma mara moja, wakafunika kipande kwa tishu, wakasukuma chini ya sahani, Mzee Muchiri, hapo ndipo kikohozi chako kilipotoka, tulikisikia mpaka nje. Na hapa kwetu mtu haambiwi keki yake ni mbaya, hiyo ni kama kumtukana mama wa watu ndani ya nyumba yake, anaambiwa, "Asante sana Mama Keki, tutakupigia," na simu hailii. Walimu wakaanza kubeba mikate kutoka nyumbani, kanisa likanunua za supamaketi, na mama akakaa jikoni, simu ndani ya mfuko wa aproni, akiitoa kila mara kuangalia kama imezima. Alikuwa anageuza viganja vyake anaviangalia. Alikuwa ananiuliza, "Kingori, ni mikono yangu?" na mimi namwambia ni unga wa siku hizi, mama, ni watu wa siku hizi, wewe pika.

Mwishoni mwa 2023 keki zilirudi, mnajua zilirudi, mlianza kununua tena mkidhani hakuna aliyeona mlivyokuwa mmehama, na mimi nilipita hapa barabarani nikiwaambia, mnaona sasa, mlikuwa wapi.

Kufikia mwaka wa 2024 sukari yake ilipanda na ikakataa kushuka, Januari 2025 akapata kidonda kwenye kidole cha mguu wa kushoto, tarehe 18 Machi mguu ukakatwa chini ya goti, akaendelea kupika akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mwezi wa Septemba figo zikachoka, na siku ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitalini hapa Nyeri, mama alitutoka, akiwa na miaka hamsini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake ambao walimbeba kama mama yao, majirani wa Gatitu kwa maji, kuni na mahema, walimu wa Kianyaga waliokuja na Beth, kanisa, kamati ya Bwana Wambugu, na Mama Phelister aliyesafiri na magoti hayo.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeishia jana, nikakunja karatasi, nikaenda kuosha viatu. Leo asubuhi nilipoisoma tena niliona iko na shimo, nikaongeza ukurasa huu, na Beth hajauona, Beth, unisamehe ama usinisamehe, ni sawa.

Mwezi wa Aprili 2021 nilishikwa na ile homa ya korona, nikalala wiki mbili, nikaamka, na ulimi haukuamka. Wengine uliwarudia, wangu mpaka leo haujarudi, chai na maji ya moto kwangu ni kitu kimoja, hiyo soda mtakunywa leo siijui. Sikumwambia mtu. Ningekuwa nani? Sikuwa na cheti, sikuwa na kazi nyingine, nilikuwa ulimi wa Mama Keki basi. Kwa hivyo nilichukua kijiko kama kawaida, nikafunga macho kama kawaida, na kwa sababu mjuzi hawezi kusema tu imetosha kila siku, nilisema ongeza soda ya kuumua kidogo, ongeza chumvi kidogo, punguza sukari, nikikisia, na mama akaongeza, akapunguza. Keki ya binti yako, Mzee Muchiri, ilikuwa chungu kwa sababu niliiambia iwe chungu.

Agosti 2023 Mama Phelister alikuja kututembelea, akapewa kipande, akakitoa mdomoni akakiweka mkononi, akamwambia, "Watiri, nani ameonja hii?" yeye peke yake katika Gatitu nzima aliyemwambia. Mama akaniangalia. Na mimi, mbele ya mgeni, nilicheka, nikasema, "Huyu nyanya ulimi wake umezeeka, mpe uji." Tangu siku hiyo mama hakuniuliza tena kama ni mikono yake.

Mwezi wa Machi 2024 nilitoka jikoni baada ya kuonja, nikafika barabarani, nikakumbuka nimeacha chaja ya simu, nikarudi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mama alikuwa amesimama juu ya beseni na kijiko changu, anaonja, anaongeza sukari, anaonja tena, kijiko kizima, anasimama kidogo kama mtu anayesikiliza, anaongeza iliki, anaonja. Hivyo ndivyo keki zilivyorudi. Alikuwa amejua, tangu Agosti alikuwa amejua, na badala ya kuniondolea kijiko aliningoja nitoke, akarekebisha nyuma yangu, beseni baada ya beseni, ili nyinyi mle vizuri na mimi nibaki na cheo changu. Hakula kwa ulafi. Kila kijiko alichoonja alikuwa ananifichia mimi, na alijua kinamfanya nini, daktari alikuwa amemwambia.

Ningeingia. Hiyo ndiyo sehemu niliyoruka. Ningesukuma mlango niseme, mama, sina ulimi, acha, tutafute mtu mwingine, hata mtoto wa jirani ana ulimi. Mguu ulikuwa bado uko. Lakini nilirudi nyuma polepole ili mawe yasilie, nikaenda barabarani bila chaja, nikawaambia vijana mama anasema keki ya leo nimeiweza, na kesho yake nikaingia jikoni, nikachukua kijiko, nikafunga macho, akaniuliza, "Iko aje?" nikamwambia tamu. Nilimwambia hivyo mwaka mmoja na nusu, hata akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kila mara nilitoka nje haraka ili apate nafasi.

Mama, pumzika sasa, hakuna beseni.