Hillary Barasa Mukhwana na Treni za Bustani ya Al-Safa

Ndugu waombolezaji, sehemu ya Jeddah katika historia hii ilisimuliwa kwanza na Ibra Shekue wa Tanga, dereva wa nyumba aliyofanyia kazi marehemu, alipompigia simu Selipher, mke wa marehemu, Jumamosi tarehe 26 Novemba 2016, na Selipher akaiandika siku hiyo hiyo.

Hillary Barasa Mukhwana alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Juni 1979 huko Naitiri, wakati huo ikiwa wilaya ya Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Zacharia na Mama Rosebellah, akasoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1997, kisha akasomea umeme mjini Kisumu hadi mwaka wa 2000. Alifanya kazi kiwanda cha sukari kwa miaka kumi na miwili, akafunga ndoa na Selipher Nekesa tarehe 12 Aprili 2003, wakajaliwa Hannah mwaka wa 2004 na Lewis mwaka wa 2009.

Tarehe 6 Machi 2013 alikwenda Riyadh kuwa fundi wa nyumba, na kumbe kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, Bwana Mishal, alikuwa amemjengea baba yake mzee, mfanyakazi mstaafu wa reli, reli ndogo bustanini, yenye treni za urefu wa mkono. Kila mahali reli ilipogawanyika palikuwa na kihisi na taa, kijani ikionyesha njia imegeuka sawasawa, nyekundu ikikata umeme wa treni inayokuja. Vumbi la Riyadh liliua vihisi hivyo kila mwezi, basi Hillary akatengeneza vyake, akavifungia ndani ya vijisanduku visivyopitisha hata unga, vikadumu.

Mwaka wa 2016 familia ya bosi ilihamia Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na vijisanduku vile vile vikamwaibisha, kwa sababu hewa ya bahari iliyofungiwa ndani ilipopoa iligeuka maji, taa zikawaka ovyo, treni mbili zikagongana mbele ya mzee. Bosi akamwambia, "Barasa, zikigongana tena, halas, reli naing'oa na ikama yako siongezi," yaani kibali chake cha kuishi kule, na Hannah alikuwa anakaribia kuingia sekondari.

Hillary alivunja vihisi vyote ishirini na viwili. Alichukua viswichi vidogo vya kioo vinavyojifunga sumaku ikikaribia, akavimwagia gundi ya maji ikaganda kama jiwe, bila kubakiza nafasi ya hewa, na katika kazi hiyo ndipo alipogundua, akirukaruka uani na bisibisi mkononi, kwamba miaka yote alikuwa akipima mkono wa mota inayogeuza njia, ambao husogea hata reli yenyewe ikiwa imekwama. Sumaku akaihamishia kwenye ulimi wa reli, kile kipande chembamba kinachosogea njia ikigeuzwa. Ibra akamtania, "We Barasa, shemeji akiona unavyozibembeleza sumaku hizi atashikwa na wivu," naye akajibu, "Aje aone zinavyonitii."

Ijumaa tarehe 18 Novemba 2016, mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi, ndugu wa bosi walijaa bustanini, treni nne zikaachiliwa pamoja, taa zote kijani, watoto wakishangilia, hadi njia ya saba ilipogeuzwa na taa yake ikabaki nyekundu, na treni mbili zikasimama zenyewe, shibiri moja kati yake. Bosi akapaza sauti, "Mafi fayda, Barasa!" yaani hakuna faida, lakini Hillary, ambaye sote tunajua hakuwa mtu wa kelele, alirusha kofia juu akiita, "Haijaharibika, bosi, inasema kweli, angalia reli!" Mzee akainama mwenyewe, akachomoa kokoto iliyobana ulimi, taa ikawa kijani, treni zikaondoka, na mzee hakumwachia Hillary mkono mpaka zikamaliza mzunguko.

Ikama iliongezwa hadi mwaka wa 2022, aliporudi nyumbani. Aliugua figo kuanzia Machi 2024, akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025 mjini Bungoma, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Naitiri waliolala nasi matangani, na wenzake wa Jeddah waliotuma salamu. Kati ya waliohusika na siku ile, mzee wa reli alitangulia mwaka wa 2021, Bwana Mishal yu hai na treni bado zinatembea, Ibra yu hai na ameketi pale mbele, na wewe, Barasa wetu, pumzika kwa amani.