Kichwa cha Renatha Kwenye Sumaku

Kijiwe cha Kanazi kiko mbele ya duka la vipuri vya pikipiki: benchi moja refu, na birika la kahawa la Ma Ephrasia pembeni. Asubuhi ile Ta Rutaihwa alikuja shati limeruka kifungo, akapewa kikombe, akakishika tu bila kunywa. Binti yake Renatha, anayesomea uhandisi wa maji huko Uchina, alikuwa amempigia simu alfajiri. Watafiti wa chuo wamemwomba alale ndani ya mashine wampige picha ubongo huku anasoma Kichina, leo hiihii, baada ya chakula chao cha mchana, wakati huku kwetu bado ni asubuhi. "Nasubiri neno lako, tata," alimaliza hivyo, akimwita baba kwa Kihaya, kwa sauti ya nyumbani kabisa. Sasa mzee wa watu neno hana, na saa zinakwenda.

— Ubongo wake umefanya kosa gani mpaka upigwe picha? aliuliza Avit, fundi pikipiki, ambaye wote humwita Spana.

— Haujafanya kosa, alijibu Ta Rutaihwa. Wanataka kujua Mchina akisoma maandishi yake kichwa kinapita njia gani. Na mgeni aliyejifunza ukubwani, kama anapita njia hiyohiyo au anang'ang'ania ile aliyotoka nayo kwao. Wachina nao wataingia. Anasema ni sumaku tu, haidhuru.

— Sumaku! Spana akaruka. Ta Rutaihwa, mtoto kakulia maji ya kisima chako, yale yenye kutu! Chuma chote kile kiko wapi? Si kwenye damu? Wataivuta yote!

Mwesiga, aliyekaa katikati ya benchi, akakohoa. Huyu ndiye wanayemwita Profesa, kwa sababu ya koti lake tu, maana darasani hajawahi kufundisha hata mbuzi.

— Tulieni nyie. Ubongo una pande mbili. Kushoto herufi, kulia picha. Kichina ni picha tupu: mti, mlango, mtu kabeba mzigo. Kwa hiyo Renatha anasomea kulia. Kulia kukijaa, vya zamani vinamwagika.

— Vinamwagika vipi?

— Anaanza kusahau Kiswahili. Halafu Kihaya.

— Mawe! Ma Ephrasia akamaka kwa Kihaya, akashusha birika. Arudi hapa ashindwe kunisalimu?

— Salamu yako ndogo. Atamsahau na baba yake.

Nusura Ta Rutaihwa amrushie kikombe. Lakini mtu mwenye hofu hachagui mganga, basi akauliza kwa sauti ndogo:

— Profesa, una hakika?

— Tutapima hapahapa.

Na wakapima, kweli tena! Spana akaketishwa mwisho wa benchi, Profesa akamshika kichwa kwa viganja viwili, kimoja kila upande, asikilizie wapi panapata moto. Likaanza gazeti la Kiswahili, habari za mpira, Spana akazitiririsha. Likafuata boksi la pistoni lenye maandishi ya Kichina. Hapo alikodoa macho mpaka jasho likamtoka.

— Kulia kunawaka! Si niliwaambia?

— Profesa, upande huo unapigwa na jua, alisema Ma Ephrasia.

Wakamgeuza. Kushoto nako kukawaka. Ma Ephrasia akachomoa kwenye kikapu kitabu chake cha sala cha Kihaya.

— Msomeshe na cha kwao tuone.

Hapo mambo yakaharibika kabisa. Spana, mzaliwa wa Maruku, anayetukana kwa Kihaya na kuota kwa Kihaya, alianza kusukuma silabi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza.

— Kwani hiki si chako? Profesa alishangaa.

— Changu! Lakini shule tulifundishwa kusoma kwa Kiswahili. Kihaya nakisema, kukisoma kinanitoa jasho.

— Sasa humu ndani mwenyeji nani, mgeni nani?

— Nitajuaje? Kichwa si umekishika wewe!

Wakavurugana. Spana akasema labda kichwa kina tangi la akiba kama pikipiki, na lugha ya mama ndiyo inakaa huko chini kabisa. Profesa akasema hapana, Kihaya kinasomwa na masikio. Ma Ephrasia akauliza kitu kibaya zaidi: wakishaupiga picha ubongo wote, watamrudisha Renatha mwenyewe au watarudisha nakala?

Ta Rutaihwa hakuelewa lolote tena. Akatoa simu. Ameamua: atamwambia asiingie, basi, yaishe.

— Samahani wazee, alisema mtu aliyekuwa amekalia gunia lake la dagaa, akisubiri gari. Ni Masalu, mchuuzi kutoka visiwa vya Muleba, hapo hajawahi kufika. Huyo binti, aliuliza, ni mkubwa?

— Ana miaka ishirini na mitano, alijibu Ta Rutaihwa.

— Mambo yake mengine huwa anakuomba ruhusa?

— Hata! Hunieleza yakishapita. Chumba alihama, nikaambiwa baada ya mwezi.

— Sasa hili mbona amelisubirisha? Anaogopa?

Ta Rutaihwa aliona aibu, aibu ya kweli: alfajiri alikuwa ameuliza habari za mashine, za madaktari, za umeme kukatika. Habari za mtoto mwenyewe hakuuliza.

Akapiga.

— Renatha. Unaogopa?



— Naogopa, tata. Tundu lenyewe jembamba, unaingizwa kichwa kwanza. Lakini nimeshakubali, nitaingia. Nilitaka tu kukusikia.

— Basi usikate. Tuongee mpaka wakuite.

Akawapa mgongo wenzake, akaanza kumsimulia migomba iliyoangushwa na upepo wa Jumapili.