Mafuta ya Ndafu Kwenye Piano ya Eunike

Wasikilizaji wapendwa, huo mkwaruzo mnaousikia ni kisu cha Shivani. Anakwangua mafuta ya mbuzi kwenye nyuzi za piano. Mimi nimemshikia tochi. Tuko ukumbini, hapa Moshi.

Piano hii ni ya Eunike Sirili, mpiga piano aliyetutoka Jumatatu. Miji mikubwa ya Ulaya ilisimama kumpigia makofi. Alizaliwa kijiji cha Kwa Sadala. Alijifunzia Njoro, mtaa wa hapa hapa Moshi, sebuleni kwa mwalimu wake wa piano, mama yake huyu Shivani. Mwaka 1991 aliileta piano kwa meli, akaikabidhi kamati ya ukumbi. Aliomba jambo moja: apige hapa, mama yake amsikie. Narudia: jambo moja tu.

Kila alipokuja likizo, ukumbi ulikuwa na harusi. Na kwenye harusi, piano ilifanywa meza ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa. Mafuta yakachuruzika ndani.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilimuuliza mwenyekiti, Bwana Godwin, taratibu.

"Ile ni heshima, ndugu mtangazaji. Ndafu haiwekwi popote popote."

Je, aliwahi kumsikia Eunike?

"Ule muziki wa kulaza watoto? Lakini tumekubaliana, ukumbi utaitwa jina lake."

Leo asubuhi kamati nzima ilipanda Kwa Sadala, suti zimenyooka, na jani la sale, lile tunaloombea msamaha. Wakaliweka mbele ya picha ya marehemu. Hata msamaha wanauomba pale pasipo na wa kuwakatalia.

"Shikamoo mama," akasema Godwin.

"Marahaba," akajibu Bibi Tabitha, mama yake Eunike. "Jumamosi tunazika. Nataka Shivani apige piano ya mwanangu, nisikie alichotaka nisikie."

"Mama, Jumamosi ukumbi una harusi."

"Basi piano ipakiwe kwenye lori, ije kwangu. Huyo mbuzi utampakata wewe."

Bibi Tabitha, na ukoo wote, poleni sana. Na wewe uliyekata nyama juu ya piano hii, jiulize: nyumbani kwako, nani mwingine anasubiri nafasi ya kusikilizwa?

Leo ni Alhamisi. Nyuzi nene zimesafika. Shivani anabonyeza vitufe vya nyuzi za katikati. Sikilizeni. Ni mbao tu inayogonga.

"Zimegandamana," anasema, akifuta kisu. "Tochi inafifia, kaka. Kesho asubuhi nianzie hapa."