Kijiti cha Bango

Basi lilipoondoka mbele ya ofisi za mji, mama mmoja mwenye mvi aliketi mbele yangu akiwa amekumbatia bango: MSIFUNGE MAKTABA YETU. Kando yake alikaa bwana mwenye kofia ya kuwindia.

"Polisi wameninyang'anya kijiti cha bango pale kwenye maandamano," mama akafoka. "Eti ni silaha! Na jitu moja lenye bunduki begani limepita nyuma yangu, likaamkiwa vizuri!"

"Mama, vijiti mji unaweza kuvipiga marufuku kwenye maandamano," bwana akajibu. "Bunduki hauwezi. Sheria ya jimbo hairuhusu mji wowote kuzizuia." Aliongea kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua inalowesha.

"Kumbe mji wetu una meno ya kung'ata vikongwe tu!"

"Yule jamaa hakumgusa mtu. Hata neno hakusema."

"Aseme ya nini, na bunduki imeshamsemea? Nilikuwa na maneno yangu ya kusema pale kwenye ngazi za ofisi. Nilipomwona, nikayameza. Ninarudi nayo nyumbani."

"Huo ni woga wako, mama. Haki yake ni haki yake."

Mama akamgeukia. "Haya. Jumamosi ijayo nakuja na bunduki ya marehemu mume wangu, bango nimelifunga kwenye mtutu. Watanizuia?"

Nilidhani bwana atacheka. Alivua kofia, akafikiri sana.

"Hapana," akasema. "Hiyo inaruhusiwa."

Basi likasimama. Mama akashuka na bango lake, amelishika kwa mikono miwili.