Mlingoti, Fundi wa Mita Aliyepigania Meza za Kupanda na Kushuka

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa karakana mliokuja na ovaroli zenu: huyu tunayemzika leo wengi mlimwita Mlingoti. Kwa wadogo zake alikuwa Dada Mkubwa, kwa wanawe alikuwa Mama. Aliitikia majina yote matatu kwa sauti ileile nzito, na lile la Mlingoti hakuwahi kulichukia. Alisema kimo hakukiiba kwa mtu, kwa hiyo hana sababu ya kukionea haya.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967, asubuhi ya mvua, akiwa kifungua mimba wa fundi pampu na mfagizi wa zahanati. Mkunga alimlaza kwenye mizani, akaona miguu inaning'inia nje, akamwambia mama yake, "Hapa umezaa mmoja, lakini kwa urefu ni mmoja na nusu." Wadogo zake watano walipofuata, wote walibebwa mgongoni mwake, wengine wakiwa wameshajua kutembea wenyewe, kwa sababu kule juu walikuwa wanaona mbali.

Masomo ya msingi aliyapata katika shule ya mtaani kwao, kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Alikaa nyuma kabisa, si kwa utundu, ila waliokaa nyuma yake walilalamika kwamba hawaoni ubao. Dawati halikumtosha. Magoti yaligota chini ya ubao wake, akawa anakaa upande, miguu ameinyoosha kwenye njia. Siku moja mwalimu mkuu alipita akajikwaa, nusura aanguke.

"Hii miguu ya nani?"

"Yangu, mwalimu."

"Yote?"

Darasa lilicheka hadi kengele ikalia, na yeye akacheka nao. Alipofika nyumbani alimwuliza baba yake kama dawati linaweza kuinuliwa. Baba alimwambia dawati ni mali ya shule, avumilie. Alivumilia hadi alipomaliza sekondari mwaka 1985. Baada ya hapo alikwenda chuo cha ufundi, akasomea ufundi wa vyuma, darasa ambalo wasichana walikuwa wawili tu. Alihitimu mwaka 1988, na cheti chake baba alikitundika ukutani juu ya redio, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa.

Tarehe 1 Machi 1990 aliajiriwa katika karakana ya mita za maji, lile banda refu la bati nyuma ya matangi. Wasiowahi kuingia humo waelezwe kidogo. Mita iliyoharibika ilifunguliwa, ikatolewa matope, ikabadilishwa gia iliyolika, ikapimwa kwa maji, ikafungwa tena. Gia zenyewe ni ndogo kama punje. Fundi aliinama mchana kutwa juu ya meza ya mbao, mkono mmoja kwenye bisibisi, na akipata nafasi, mwingine kiunoni. Karakana ilinuka grisi na dawa ya kuchua. Meza zote zilitengenezwa kwa kimo kimoja, kimo cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mlingoti aliziona fupi kama vigoda. Wiki yake ya kwanza haikuisha kabla hajaokota matofali manne na kuyaweka chini ya miguu ya meza yake.

Kesho yake akakuta matofali yametolewa na kupangwa pembeni. Akayarudisha. Yakatolewa. Mchezo ukaendelea hivyo mpaka alipochoka, akamaliza zamu yake na kubaki amesimama mlangoni akimsubiri mwenye meza ile zamu ya jioni. Akaja kijana mmoja mfupi, mpole, ambaye karakana nzima ilimwita Kizibo.

"Ni wewe unayenitolea matofali yangu?"

"Ni mimi, dada. Nikiyaacha, watu wanaona nywele tu. Juzi msimamizi aliniandika sikufika kazini, na mimi nimekaa mbele yake."

Alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake, siku zilizofuata alianza kuyatoa matofali mwenyewe kabla ya kuondoka, na Kizibo akaanza kuyarudisha kabla ya kwenda kulala. Kila mmoja alikuta meza imeshawekwa kwa kimo chake. Wenzao waliliona jambo hilo kabla wao wenyewe hawajaliona. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Mpiga picha alimwomba bibi harusi akae kitini ili bwana harusi asimame kando yake. Kizibo alikataa katakata. "Mpige alivyo," alisema. "Nimemwoa mzima, sikumwoa nusu." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana, na wote waliwalea kwa zamu, mmoja akiingia nyumbani mwingine akitoka.

Miaka ilikwenda na migongo ikazidi kuharibika. Fundi mmoja alistaafu akiwa hawezi kufunga kamba za viatu vyake. Rafiki kipenzi wa marehemu, mama aliyepiga lakiri kwenye mita zilizokwisha kutengenezwa, na ambaye kwa sababu hiyo anaitwa Lakiri hadi leo, alifika mahali akawa hawezi kumnyanyua mjukuu wake. Mlingoti alikwenda kwa meneja kuomba meza zinazopanda na kushuka, kila fundi aiweke kwa kimo chake, akae akichoka kusimama, asimame akichoka kukaa.

Meneja aliinua macho. "Kwani mita zimelalamika?"

"Mita hazina mgongo, bosi."

Hakupewa jibu siku hiyo wala mwaka huo. Yeye na mumewe waliamua kuitengeneza meza moja wenyewe. Walichukua jeki ya lori bovu, wakaichomelea chini ya ubao mzito, wakaweka hendeli upande wa kulia. Ukizungusha, meza inapanda, na ukirudisha, inashuka. Waliisukuma kwa mkokoteni hadi karakana, na zamu mbili nzima zikapanga foleni ili kila mtu aizungushe. Meneja alishuka kuangalia kelele ni za nini. Hakuwa mtu mbaya. Aliizungusha naye, mara moja, mara ya pili, kisha akasema, "Nne kwanza. Zikae mwaka. Muuguzi atakuwa anapita kuwauliza wanne wenu kama mnapona. Mkipona, karakana nzima inapata. Msipopona, tusisumbuane tena."

Meza nne ziliwekwa Septemba 2014. Kilichofuata familia imekubaliana kukisema kama kilivyokuwa, maana wengi wenu mlikisikia nusu nusu.

Kati ya wanne waliopewa meza hizo, watatu walipona. Lakiri alimbeba mjukuu wake hadi karakana kumwonyesha kila mtu kwamba anambeba. Mlingoti hakupona. Yale maumivu ya zamani, ya kuinama, yalipungua kweli, lakini yaliingia mengine, ya ndani kabisa, ambayo hayakujali amekaa wala amesimama. Aliipandisha meza kidogo. Akaishusha kidogo. Akadhani bado hajakipata kimo chenyewe. Muuguzi alipopita kumwuliza, alinyoosha mabega, akatabasamu, akasema, "Mimi mzima. Andika mzima."

Lakiri alimkuta bafuni ameegemeza kipaji cha uso ukutani, jasho linamtoka.

"Shoga, una nini?"

"Mgongo."

"Mgongo gani tena? Si ulisema umepona?"

"Nisikilize. Mimi ndiye niliyezipigia kelele meza hizi. Wakisikia mimi bado naumwa, watasema meza ni mapambo tu. Ngoja kwanza zije za wengine."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakwenda hospitali zikishafika."

Lakiri alibembeleza, akanuna, akatishia kusema. Mlingoti alimshika mikono yote miwili akamwomba anyamaze, na Lakiri akanyamaza, kwa kuwa aliyemwomba hakuwa na kawaida ya kuomba. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Akiulizwa kwa nini amelala sakafuni, alisema joto. Kizibo, ambaye hakujua lolote, alimnunulia godoro gumu, akainua sinki la jikoni ili asiiname kuosha vyombo. Alimshukuru, akaosha vyombo.

Mwaka ulipita, meneja aliomba muda zaidi, na yeye akaendelea kungoja. Meza za karakana nzima zilifika Aprili 2016. Kuna picha ya siku hiyo. Watu wamezunguka, hendeli zinang'aa, na Mlingoti yuko katikati, mrefu kuliko wote, ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili. Waliokuja kuujua ukweli baadaye hawawezi kuitazama mikono ile.

Mwezi uliofuata alikohoa na ubavu ukavunjika. Mumewe alimpeleka hospitali. Vipimo vilipotoka, daktari aliwakalisha na kuwaambia kwamba ni saratani ya uboho, ambayo huanzia ndani ya mifupa na kuila polepole.

"Maumivu yalianza lini?" aliuliza.

"Mwaka juzi, mwishoni."

"Na muda wote huo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naipandisha meza," alisema Mlingoti.

Alijaribu kucheka. Daktari hakucheka. Aliwaambia kuwa ugonjwa huo hauponi, lakini mtu akiwahi huweza kuishi nao kwa miaka. Hakusema kwamba wao wamechelewa.

Alitibiwa kwa sindano, vidonge na mionzi. Kuna majuma aliyoweza kukaa kibarazani, na kuna mengine ambayo hata shuka lilimwumiza. Pingili za uti wa mgongo zilianza kubonyea, akawa anapungua kimo. Wageni hawakuliona mara moja, mumewe aliliona. Siku moja alimsaidia kufika mlangoni, wakasimama wapumue, na Kizibo akagundua kwamba anamtazama mkewe machoni bila kuinua kichwa. Tofauti ya vimo vyao aliitania tangu siku ile ya matofali. Siku hiyo hakuitania. Alimrudisha kitandani, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko mpaka binti yao alipomfuata.

Juni 2018 karakana ilifungwa. Zilianza kuja mita mpya zilizozibwa kutoka kiwandani, ambazo zikiharibika hazifunguliwi, zinatupwa. Mafundi wakaambiwa ahsanteni. Kizibo hakuwa na moyo wa kumwambia mkewe. Kila siku saa ya zamu alivaa ovaroli, akaaga, akaenda kukaa kwa Lakiri, na saa ya kutoka akarudi. Lakini huwezi kumdanganya fundi kwa vazi la kazi.

"Baba watoto, mbona siku hizi unarudi msafi?"

Kizibo alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamweleza yote.

"Na meza?"

"Zimetolewa nje. Ziko uani."

"Wamezifunika?"

"Hawajazifunika."

Ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mlingoti alisema, "Basi nilinyamaza bure."

Kizibo alitaka kumwambia si kweli. Alitaka kumkumbusha mjukuu wa Lakiri, na wale mafundi waliokwenda nyumbani miaka miwili bila kujishika viuno. Hayo yote aliyasema, na mkewe aliyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa pole na mgeni. Hakulirudia neno lile, wala hakulifuta. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za nje. Rafiki zake walipokuja aliwaitikia, akageuka ukutani.

Wasifu wa namna hii huwa unaeleza kwamba marehemu aliaga akiwa na matumaini, na kwamba aliwaachia wanawe maneno ya kuwafariji. Familia imejaribu kuyakumbuka maneno hayo, haikuyapata. Alikuwa amechoka, na uchungu ulikuwa mwingi. Kitu cha mwisho alichokisema ni kumwomba binti yake amgeuze ubavu wa pili. Binti akamgeuza, taratibu, kama muuguzi alivyomfundisha. Alifariki dunia mchana wa tarehe 21 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, wodini, mumewe akiwa upande mmoja na binti upande mwingine.

Ameacha mume, ambaye ametuomba asisemeshwe leo. Ameacha binti, mwalimu wa shule ya msingi, na mwana, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni. Ameacha wadogo watano, mashemeji, mawifi, na Lakiri, ambaye tangu msiba uanze anajiuliza kwa sauti kwa nini alitii, na ambaye familia inamwambia mbele yenu wote kwamba hana deni nasi. Ameacha mama mzazi, yule aliyeketi pale mbele, ambaye jana aliuliza mara nyingi kama jeneza limemtosha mwanawe vizuri, miguu isije ikajikunja, na kila mara tulimjibu kwamba limemtosha.

Alale sasa, dada yetu, na asiumwe tena.